Mkamwana Niliyempa Kazi ya Kuuguza

Kwenye kambi za mkonge za Kimamba nilikokulia, surua ilikuwa na sheria yake: mgonjwa huuguzwa na aliyekwisha kuugua. Waliokufa nawakumbuka kwa majina, wote, ila hapa siwaandiki. Nimechoka kuwataja. Lakini sheria ile haikuwahi kunidanganya, nikazeeka nayo.

Basi binti yangu wa mwisho akaja hapa Kilosa kutoka Dar na homa, macho yanamuuma kwa ndani, viungo kama vimetwangwa. Kipimo cha malaria hakikuona kitu. Hospitali wakasema ni dengue. Mke wa mwanangu, ninayeishi naye, akasema, "Mama, hiyo niliiugua tulipokuwa Dar. Nilikoma."

"Vizuri! Wewe ndiye wa kukaa naye."

Binti yangu, na homa yake hiyo, akacheka. "Wifi, kumbe mbu walishakuchanja bure!"

Mkamwana akamuuguza mchana kutwa, mapipa ya maji yako wazi pale dirishani. Chandarua tulishusha usiku tu.

Binti akapona, akaondoka. Wiki ya tatu mkamwana naye akaanguka kwa homa. Siku ya nne homa ikashuka, nikamshukuru Mungu. Kumbe mapema mno. Alasiri tumbo likamkata, akatapika, fizi zikatoa damu, mikono ikawa ya baridi. Mwanangu alikuwa safarini. Nikampakia kwenye bajaji.

Hospitali muuguzi akanisalimia, "Shikamoo bibi. Huyu aliwahi kuugua dengue?"

"Marahaba. Aliugua, kwa hiyo hii haiwezi kuwa hiyo."

Alipokwisha kumtundikia dripu ndipo akanieleza. "Dengue ziko nne, bibi, kama ndugu wa tumbo moja. Ukiugua moja, hiyo hairudi. Akija ndugu yake, kinga ya zamani inaweza kumshika isimuue. Inamwingiza ndani ya chembe zilezile za kulinda mwili, anazaliana humo. Mwili unapigana kupita kiasi, mishipa inavuja. Si wote, ila aliyewahi kuugua ndiye wa kuogopewa zaidi. Na kumgusa mgonjwa hakuambukizi. Anayeambukiza ni mbu wa mchana."

Kumbe ningeweza kukaa na binti yangu mimi mwenyewe.

Siku mbili nilikaa kwenye benchi nikihesabu matone ya ile dripu, miguu imevimba. Sikuomba mengi. Niliomba tu nisije nikamwambia mwanangu kwamba mkewe amekufa kwa kazi niliyompa mimi.

Siku ya tatu akafumbua macho akanitazama. Kwetu mama mkwe hamwombi mkamwana radhi, lakini sikuwa na nguvu ya kuishika na desturi hiyo.

"Mwanangu, nisamehe. Nilikuweka pale nikidhani umekingwa."

Akalamba midomo iliyokauka. "Mama, hayo baadaye. Kuna uji?"

Ulikuwepo, wa moto. Nikaanza kuupoza.