Siku Mtaro Ulipomshika Ndune

Enzi zetu, watoto wa kule juu Kola tulijulikana kwa nguo zilizogeuka nyekundu upande wa kukalia. Chanzo kilikuwa Mtaro, handaki la udongo mwekundu. Tulikalia vipande vya mitungi ya plastiki, tukateleza kutoka juu ya tuta hadi chini kabisa, mahali ambapo hata mtu mzima akisimama kichwa hakionekani. Kisha tukashindana mbio humo ndani, tukiuzunguka mlima mpaka tulipoanzia. Vijana wa leo hushindana wakiwa wamelala kwenye kochi, na bado wanasema wamechoka.

Wakubwa wetu walikijua kipande kimoja tu, kile kilichopita shambani kwetu. Kwingine kulikuwa na vichaka, na waliovipenya ni sisi watoto tu. Na sisi Wakamba tukiona mfereji mrefu na udongo umetupwa upande wa juu, hatuna swali: hayo ni matuta ya kuzuia maji. Basi wote waliamini kwamba Mtaro ulichimbwa enzi za mkoloni, watu walipolazimishwa kuchimba matuta. Ni kazi ya hasira, walisema, ndiyo maana ikawa kubwa kupita kiasi. Aliyebisha ni Susu peke yake, nyanya yangu mzaa baba. "Mimi niliolewa hapa hiyo kazi ya mkoloni bado, nikapata iko," alisema. Hakuna aliyemsikiliza.

Mwaka mmoja, katika miaka ya tisini, mvua ilikuwa imetutupa misimu miwili mfululizo. Mama akaamua kulibomoa tuta, aufukie Mtaro na kupanda mahindi, maana udongo ule ulikuwa mnono. Akaita mwethya, kikundi cha akina mama wanaosaidiana kulima kwa zamu. Walifika asubuhi na majembe na nyimbo. Susu alikaa jikoni, hata chai hakutaka. Sisi watoto tulinuna.

Walianza kwa kufyeka vichaka. Ndune, ng'ombe wetu mwekundu, akanusa majani mabichi, akasogea ukingoni, akateleza mpaka chini. Hakuumia. Lakini kutoka alishindwa. Alijaribu huku, akajaribu kule. Kuta zilikuwa karibu wima, naye hakuwa na mikono ya kushika mizizi kama sisi. Akaondoka zake, akapotelea kwenye kona, na Mama akasema atatokea huko Mtaro unakoishia. Sisi watoto tulijua hauishii, ila hakuna aliyetuuliza. Tulisubiri sana. Kisha Ndune akaja kutoka upande wa pili, akasimama palepale alipoangukia.

Nyimbo zilikoma. Susu alikuja na fimbo yake, akachungulia.

"Sasa mwambieni atoke," alisema. "Watu wa zamani walikuwa wanaweka ng'ombe huko juu katikati, Mtaro imezunguka, wanatoa magogo ya kuvukia. Mwizi akikuja, atapitisha ng'ombe wapi?"

Mama aliteremka mwenyewe, akaweka kiganja ukutani. "Walichimba hii yote na nini?"

"Miti imechongwa tu. Na mwethya, kama nyinyi."

Nilikuwa nimecheza humo maisha yangu yote, nisijue kwamba nilicheza ndani ya kitu kinachofanya kazi.

Siku nzima iliishia kukata njia ya kumtoa Ndune. Jioni akina mama walimuuliza Mama kama warudi kesho wafukie. "Apana," alisema. "Siwezi kufukia kitu imekataa kuzeeka." Msimu ule tulikula muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, mara moja kwa siku, na mara nyingi Mama alisema ameshiba kabla hajaonja.

Siku hizi pana uzio na kibao, na panaitwa mahali pa urithi wa taifa. Watoto huletwa na basi la shule, wakajipiga picha wakiwa wameupa Mtaro mgongo. Hakuna anayeteleza. Nguo zao hurudi nyumbani safi, na mimi huwaonea huruma.

Desemba iliyopita nilimpeleka Mama, ambaye sasa naye ni susu wa watu. Alipoweka mguu kwenye tuta, askari mmoja kijana alikuja mbio.

"Susu, hapo hapakanyagwi, tafadhali. Hii kitu ni ya maana sana."

Nilifungua mdomo nimweleze anazungumza na nani. Mama akanibana mkono, akarudi nyuma kwa adabu.

"Wacha achunge," akaniambia.