Mbwa Aliyeandikwa Rotwaila

Mimi ndiye niliyeandika ile orodha, na nasema mapema ili mtu asije akanizunguka nayo. Mimi ni katibu wa wakazi wa mtaa wetu hapa Kitengela, upande wa machimbo ya mawe. Ni mwalimu mstaafu, na hasira zangu ziko karibu. Mtoto akiumwa na mbwa sitaki hadithi, nataka kalamu.

Lakini habari hii si yangu. Ni ya Muthoki, msoma mita wa kampuni ya kisima inayotuuzia maji. Kila mwisho wa mwezi mwanamke huyu huingia nyumba mia moja na ishirini, daftari kwapani, akiita "Mita!" kabla hajagusa komeo. Ametoka Mwingi. Ana miaka arobaini na mitatu, mwendo wa haraka hata pasipo na haraka, na mwandiko ambao ningewaonyesha wanafunzi wangu wote wa darasa la nane. Anaishi peke yake, binti yake akiwa chuoni Machakos. Nyumba yake ilivunjwa mara mbili, na mara ya pili waling'oa hata sinki. Ndipo akapata mbwa. Sajini ni wa kahawia iliyokoza, na masikio yake hayalingani. Tangu aje, hakuna mkono uliogusa ule mlango, na Muthoki akaanza tena kupata usingizi.

Mwaka jana watu wa mifugo walikuja kuchanja mbwa dhidi ya kichaa, wakamwazima Muthoki siku moja awaandikie kadi na rejista. Kwenye kadi kuna mstari wa jina la mbwa, wa rangi, na wa aina. Hapo kwenye aina ndipo watu wetu walipojimwaga. Mbwa amekonda, mkia nusu, mwenyewe kifua mbele: "Andika jamani shepadi." Mwingine kavuta kitu alichookota soko la mifugo la Bisil chini ya lori la mbuzi, anasema damu yake ni ya Uingereza. Muthoki aliandika alichoambiwa. Mzee Katee, aliyekata mawe miaka thelathini, alifika na Tosha, mbwa mweusi, mnene, asiye na neno na mtu. Mzee hakutaja aina yoyote. Alisimama tu akiona haya mbele ya wale mabwana wa jamani shepadi. Muthoki akamwonea huruma, akaandika "rotwaila" kwa herufi kubwa, akamsomea kwa sauti. Mzee alitembea na ile kadi mfukoni wiki nzima. Kwa Sajini hapakuwa na mtu wa kufurahishwa, kwa hiyo aliandika ukweli: wa kienyeji.

Mwaka huu, Jumatatu moja ya Machi, saa kumi jioni, Istar aliumwa na mbwa akitoka madrasa. Ni binti wa Halimo na Dahir, wenye duka la vitambaa hapo stejini, mtoto wa miaka saba. Meno yaliingia nyuma ya goti. Waliomwokota hawakumwona mbwa. Istar mwenyewe alisema alikuwa mkubwa, mweusi, na kichwa kama ndoo. Mimi ningengoja nini tena? Niliita kamati jioni ileile. Nikasema aina tatu hatuzitaki tena mtaani: rotwaila, jamani shepadi, na boaboli. Niliazima rejista ya chanjo nikatoa majina kumi na saba. Mkutano wa wakazi ungethibitisha Jumamosi ya wiki iliyofuata, kisha watoke.

Asubuhi yake nilikuta foleni langoni. Wale wale mabwana! "Mwalimu, huyo ni koko tu, mama yake alikuwa anakula jalalani." "Mwalimu, Uingereza gani, mimi nilikuwa nafanya mzaha." Niliwafukuza wote. Mwaka mzima mnajisifu kwa mbwa, leo mnawakana? Nilifurahi, sitaficha.

Muthoki alijua tangu saa kumi na moja ya ile Jumatatu. Alikuwa ametoka mbio mchana na hakulisukuma komeo mpaka mwisho. Aliporudi alikuta lango liko wazi na Sajini amelala uani, katikati ya miguu yake ya mbele ndara ya mtoto, ya manjano. Hakufikiri. Aliitupa ndara ile chooni, akafunga lango, akaketi kitandani na viatu vyake vya kazini. Dakika kumi baadaye akasikia watu barabarani wakisema mtoto wa Halimo ameumwa. Haya yote aliniambia mwenyewe, baadaye.

Wiki zile hakutulia. Alikuja kwangu mara tatu, na mara zote tatu alikataa kiti. Alizunguka kibarazani akivuruga mkeka wangu.

"Mwalimu, hiyo rejista si ya kuaminika," alisema mara ya kwanza.

"Mwandiko ni wako."

"Mwandiko ni wangu. Maneno ni ya watu."

Nikamwambia hata mbwa wake hayuko kwenye orodha, sasa anawashwa na nini? Aliondoka bila kuaga. Mara ya pili aliuliza habari za sindano za Istar. Nikamweleza nilivyoambiwa na Dahir: amechomwa tatu, zimebaki mbili, na mtoto anashikwa na watu wawili akiziona. Hospitali ilisema mbwa akijulikana, na awe mzima baada ya siku kumi, zilizobaki zinaweza kusimamishwa. Muthoki alihesabu kwa vidole mbele yangu, nami nikadhani anahesabu nyumba zake za mita. Mara ya tatu alikuja kumwombea Mzee Katee.

"Huyo mbwa wa mzee si rotwaila. Mimi niliandika hivyo nimpe tu furaha."

"Ni mweusi, ni mkubwa. Mtoto amesema mweusi na mkubwa."

"Mtoto alikuwa anaogopa, Mwalimu."

"Basi na mimi naogopa," nikasema, na ilikuwa kweli. Nina mjukuu anayepita njia ileile.

Kwa nini hakusema siku ile? Nimemuuliza. Anasema kila alipofungua mdomo aliona ule mlango wake uliovunjwa. Nilikasirika kusikia hivyo, kisha nikakumbuka kwamba mimi nalala nyuma ya lango la chuma na mke wangu kando.

Mkutano ulikuwa kwenye nasari, saa tisa mchana, watu wazima tumekunja magoti kwenye viti vya watoto. Muthoki alisimama mlangoni, mara ndani, mara nje. Mzee Katee alikuja na Tosha kwa kamba ya katani, kadi mkononi.

"Mimi nitamtoa," alisema. "Siko na nguvu ya kubishana na karatasi. Mnionyeshe tu mahali pa kumpeleka, sababu mimi sina."

Watu walinung'unika. Nikaona mkutano unanitoka mikononi, nikafanya jambo ambalo nalionea aibu mpaka leo. Nilimwita Istar, aliyekuwa amekaa na mamake, nikamwonyesha Tosha. "Ni huyu, sivyo?" Niliuliza kwa sauti ya mwalimu ambaye jibu analo tayari. Mtoto alinitazama mimi, wala hakumtazama mbwa. Akatikisa kichwa kukubali.

Mzee Katee alianza kuizungusha kamba mkononi, pole pole.

"Mwongo," alisema Muthoki. Alikuwa amefika katikati ya chumba. "Si mtoto. Mwongo ni mimi. Mama Istar, ni mbwa wangu. Ni Sajini. Lango niliacha wazi mimi."

Kelele zilizozuka sitaziandika. Halimo hakupiga kelele. Alinyanyuka, akamsogelea hadi wakawa uso kwa uso.

"Amechanjwa?"

"Amechanjwa. Kadi ni hii. Na ni mzima, leo siku ya kumi na mbili. Anakula, anakunywa maji. Mlete daktari amwangalie leo leo, kisha mwenye kumchukua amchukue."

Halimo aliipokea kadi, akaisoma yote, hata upande wa nyuma usio na kitu. Akampa mumewe, na Dahir akatoka nje nayo, simu sikioni. Kisha Halimo akamgeukia tena Muthoki.

"Wiki iliyopita ulikuja kusoma mita," alisema. "Nilikuwa nimemshika Istar mguu namwosha kidonda. Ukaniambia pole. Nikakupa chai."

"Ndiyo."

"Ukanywa."

"Nikanywa, Mama Istar," alisema Muthoki. "Na ukaniongezea."