Taa za Mtende wa Imogene

Mjini Waycross, kaskazini kidogo ya Florida, ukionekana umeukumbatia mti siku ya baridi, hakuna anayekushangaa. Watu wanajua tu kwamba una mtende. Verdell Tarpley alikuwa nayo mitatu uani kwake, lakini miwili ilikuwa ya jeli, mifupi na sugu, na hiyo hakuna mtu anayehangaika nayo. Inapigwa na jalidi, inavumilia, na kiangazi kikifika inazaa vitunda vya manjano, kina mama wanachemsha jeli ya kupaka mkate. Wa tatu ndio uliomnyima raha. Huo ulikuwa chotara, na mkunga wake alikuwa Imogene, mkewe.

Ndiyo, mkunga, mimi sina neno jingine. Imogene alipanda ngazi akanyofoa maua madume ya mtende wa jeli, moja baada ya jingine, kabla hayajafunguka. Kazi ya siku nne hiyo! Kisha kole, lile shada la maua majike yaliyobaki, akalivika soksi yake ndefu ya kwendea kanisani, nyuki wasije wakamvurugia mambo. Chavua ya mtende mrefu wa Florida, ule mzuri usiojua baridi, alitumiwa na binamu yake kwa posta, akaihifadhi kwenye friza katikati ya bamia hadi siku ya kuyapaka maua hayo kwa brashi. Verdell alicheka hadi akakaa chini.

"Mke wangu kawa nyuki," aliwaambia watu kanisani.

"Cheka tu," Imogene akamjibu. "Mti utakaoota ukinizidi kimo, makuti yake ndiyo yatakayokwenda kanisani Jumapili ya Matawi. Na wewe ndiye utakayeyabeba."

Mbegu zilichipua tatu, mbili zikafa. Mche uliobaki ulirithi uzuri wa baba na ugumu wa mama, ila ukiwa bado mdogo ulihitaji kusitiriwa. Na mti chotara wa aina hii hauzai, hauna mbegu ya kupanda tena. Ulipofika gotini Imogene akafa, moyo. Basi ukabaki huo tu.

Miaka sita Verdell alifanya kama alivyomwona mkewe akifanya. Redio ikitangaza baridi kali, anafunga makuti pamoja, anauzungushia mti taa za Krismasi, zile za zamani zenye balbu nene za rangi, halafu anaufunika kwa blanketi la viraka alilolishona marehemu. Jirani yake Cleophus hakumwacha apumue.

"Verdell! Huyo bibi harusi unamvalisha mapema, Krismasi bado!"

"Nenda kamfunike wako, kama unaye."

Mwaka wa sita mti ulipita kimo cha Imogene. Kwenye sikukuu ya Shukrani, mwishoni mwa Novemba, binti yao Lavonne akaja kutoka Atlanta, akaziona zile taa kwenye kikapu, nusura apige yowe.

"Baba! Nyaya zimechunika zote. Utaunguza nyumba na wewe mwenyewe ukiwemo."

"Za mama yako hizo."

"Mama mwenyewe angeshazitupa."

Akazitupa. Akarudi kutoka dukani na taa mpya, ndogo ndogo, za kuokoa umeme, akauzungushia mti kwa mikono yake mwenyewe huku akiimba. Verdell alifurahi, jamani. Tangu mazishi binti yake hakuwa ameugusa mti ule. Taa ni taa, alijisemea. Loo, mzee wangu! Imogene hakuwahi kumwambia kwamba usiku wa baridi mtende hauna haja na mwanga. Kilichokuwa kinauokoa ni joto la zile balbu kongwe.

Siku mbili kabla ya Krismasi baridi ikashuka, ikapasua mabomba ya maji mtaa mzima, ikakaa siku tatu. Asubuhi ya nne Verdell akafunua blanketi. Taa zote zilikuwa zinawaka, nzuri kweli. Akashika balbu moja ili aisogeze. Baridi. Akashika nyingine. Baridi vilevile. Zile za zamani zilikuwa zikimchoma vidole. Akasimama pale ameishika, na hapo ndipo alipoelewa.

Lavonne alipiga simu kila Jumapili.

"Mti hajambo? Taa zangu zinawaka?"

"Zinawaka vizuri sana, mwanangu," alijibu, na hilo halikuwa uongo.

Machi ilipoingia alilishika kuti changa la katikati, lile lililojikunja halijafunguka bado, akalivuta kidogo kama wafanyavyo wenye mitende. Likiwa zima linagoma. Hili lilikuja lote bila kubisha, shina lake limeoza, linanuka. Alimimina dawa ya vidonda kwenye tundu kila asubuhi kwa majuma matatu, na mle ndani hakikuchipua kitu.

Jumapili ya Matawi ikakaribia, na Lavonne anakuja kukata kuti la kwanza la mama yake. Verdell akafanya jambo la kitoto. Alilirudisha lile kuti lililokufa kwenye tundu lake, akalifunga kwa uzi wa kijani lisimame.

Lavonne hakuingia hata ndani. Alikwenda moja kwa moja uani, akiwa bado na funguo za gari mkononi, akaligusa kuti la katikati. Likambakia mkononi, na uzi ukining'inia.

"Baridi ilikuwa kali mwaka huu," Verdell akasema haraka. "Hata ya Cleophus imekufa."

"Cleophus hana mtende, Baba."

Mzee akaanza kuufungua ule uzi.

"Nilijua tangu Januari," Lavonne akasema. "Fundi wa umeme kazini aliniambia taa zile hazitoi joto. Kila nikikupigia nilikuwa nasubiri unigombeze. Kwa nini hukunigombeza?"

"Nikugombeze," Verdell akasema, "halafu nibaki na nani?"

Siku ya mazishi ya mkewe Verdell hakulia, alikuwa na wageni wa kukaribisha. Lakini siku hii ya kuti alilia pale pale uani, binti yake amemshika mabega, na Cleophus aliyekuwa akiwatazama juu ya ua akaingia ndani kwake. Kesho yake, Jumapili ya Matawi, kanisani walipeleka makuti ya mitende ya jeli. Verdell ndiye aliyeyabeba.