Likizo Yangu ya Ulaya

Nilikuwa mgeni Kilosa, nimehamishiwa huko kufundisha kutoka Tabora. Kipupwe kilipokaribia nilipanga kwenda likizo kwa mama, mpaka Mwalimu Neema aliponiambia, "Sisi tunakwenda Ulaya kwa bibi. Twende wote."

Nilimuuliza habari za pasipoti. Akacheka, akasema bibi yake hana makuu. Nikampigia mama simu kumwambia mwaka huu asinitegemee, naye akaomba kanisa zima liniombee safari njema. Mimi nikanunua koti zito la mtumba, glavu na kofia ya sufu.

Siku ya safari gari lilishika njia ya Mikumi. Nilidhani tunaitafuta barabara kuu ya kwenda uwanja wa ndege, kwa hiyo nikavaa koti kabisa. Kabla hata ya Mikumi tukasimama penye mashamba ya mahindi.

"Tumefika," Neema akasema. "Kijiji chetu ndicho hiki, Ulaya."

Bibi yake alitupokea akiwa na jembe begani. Nikamwamkia shikamoo huku jasho likinitiririka. Akaitikia marahaba, akanitazama kuanzia kofia hadi glavu, kisha akamgeukia mjukuu wake.

"Neema, mgeni wako ana malaria?"