Dawa ya Kifafa Haikuuzwa Peke Yake

Siku niliyovua koti jeupe la kemisti katikati ya kazi, dawa ya Nafula ilikuwa imeisha nyumbani. Nafula ni binti yangu, ana kifafa. Nilimaliza kuhesabu vidonge vyake, nikavitia kwenye bahasha, na pesa nikaweka kwenye droo Bosi akiniona. Akainyakua ile bahasha.

"Na toniki iko wapi, Mama Nafula?"

"Bosi, mimi ni mfanyakazi wako. Sina pesa ya toniki."

"Unajua sheria ya hapa. Hii dawa haitembei bila bibi yake."

Wateja wakacheka. Mama mmoja wa Angurai, aliyengojea dawa hiyo hiyo ya kijana wake, hakucheka. Nililitupa koti juu ya kaunta. Kucheka kukaisha.

Kazi nilianzia Busia, kwenye kemisti kubwa ya Bosi huyo huyo, nikiwa nimetoka tu kidato cha nne. Siku ya kwanza Meneja, mwanamke asiye na mchezo, alinipa mkebe wa vidonge, trei ya kuhesabia na kisu butu cha plastiki.

"Vidole ni vya ugali," akasema. "Dawa unaisukuma na kisu."

Jasho la mkono huharibu kidonge. Alinifundisha pia kwamba mgonjwa wa presha, sukari au kifafa si kama wa malaria. Wa malaria akipona anakusahau. Huyu mwingine lazima arudi kila mwezi, maisha yake yote. "Kwa hivyo usimchezee," akaniambia. Nyinyi wasichana mnaotafuta kazi ya kaunta, shikeni hilo kwanza.

Bosi naye alijua kwamba lazima warudi. Nilipohamishwa tawi lake la Malaba baada ya kujifungua, nilikuta stoo imejaa katoni za toniki, ile dawa tamu ya kuongeza hamu ya kula. Hakuna aliyeiulizia. Basi akaifunga pamoja na dawa ambazo mtu hawezi kuziacha: hununui hii bila ile. Kidonge cha kifafa ni rahisi, lakini chupa ya toniki bei yake inatosha kulisha nyumba siku kadhaa. Kwenye dispensari ya serikali jibu ni "hakuna."

Mzee mmoja wa Nambale, mgonjwa wa presha, alijaribu mzaha. "Huyo bibi mwambie arudi kwao."

"Rudi wewe kwenu na presha yako, mzee," Bosi akamjibu. "Serikali imeachilia biashara, kila mtu auze anavyotaka."

Mzee akarudi na presha yake. Wengine wakaanza kuruka mwezi. Kifafa hakiruki mwezi. Kinakuangusha jikoni, na jikoni kuna moto.

Ndiyo maana siku ile sikubembeleza. "Nipe dawa ama unirudishie pesa."

Akanirushia pesa. "Ukitoka hapo usirudi."

"Nani amesema anarudi?"

"Twende, dada," akasema mama wa Angurai.

Tulienda Busia. Meneja alitusikiliza, akatuhesabia vidonge vyetu bila chupa yoyote. "Leo nimewauzia. Bosi akijua, mwezi ujao hamtanikuta hapa."

Kutoka pale tuliingia ofisi ya biashara ya wilaya. Afisa alitaka kuandika kwamba ni ugomvi wa mfanyakazi na tajiri wake. "Si mkaongee tu, mama? Yule ni mtu wa heshima."

"Futa hiyo. Andika ninavyosema."

Akafuta. Nilitia sahihi, na mwenzangu akaweka kidole gumba, chini ya maneno haya:

"Kemisti niliyoifanyia kazi Malaba inawanyima wagonjwa wa presha na kifafa dawa zao mpaka wanunue toniki ambayo daktari hakuwaandikia. Mimi mwenyewe niliamriwa kuwanyima. Leo mtoto wangu amenyimwa. Naomba ofisi hii ifike pale na iamuru dawa hizo ziuzwe peke yake. Vidonge vya mtoto vitaisha baada ya mwezi mmoja. Nataka jibu kabla ya hapo."