Bushera ya Kansanga na Karatasi ya Kocha

Sikwenda Kampala kutembea. Nilikwenda kwa hasira. Katika mbio za Kitale nilikuwa nakimbia vizuri mpaka tumbo likanikamata, nikaingia kwenye mahindi ya watu huku wenzangu wakinipita. Kocha wetu, Wafula, akatangaza mbele ya kikundi kizima kwamba tumbo la mzazi si tumbo la mkimbiaji. Nikichepuka tena katika mbio za Kampala, nafasi yangu kwenye timu anapewa mwingine.

Alhamisi alfajiri, Bungoma. Tulipokuwa tunapanda gari, Wafula alinikabidhi karatasi ya chooni, roli nzima.

"Shika, Mama Neema. Kampala ni mjini, mahindi utayaonea wapi?"

Walicheka hadi dereva. Nikamfunga mwanangu Neema vizuri mgongoni, nikatia karatasi kwenye begi, nikanyamaza mpaka Busia. Wanaonijua wanajua huo ni muujiza.

Mpakani, kwenye foleni, ndipo nilipofungua mdomo. Wafula alikuwa anajisifu kuhusu ule unga wake wa glukosi, eti anauchanganya mara mbili ya ilivyoandikwa kwenye mkebe, kwa sababu kizito ndiyo nguvu.

"Mwalimu, hicho kizito ndicho kilichonipeleka mahindini."

"Wewe umesomea wapi mambo haya?"

"Kliniki ya watoto! Mtoto akiharisha, unapewa dawa ya kuchanganya na maji. Ukizidisha unga, unamharibu zaidi. Tumbo langu nalo ni tumbo."

Akageukia upande wa pili. Kwake mimi ni mdomo tu. Lakini tangu Kitale nilikuwa nimelifundisha tumbo langu kama wengine wanavyofundisha miguu: kila mazoezi marefu nilibeba chupa ya uji mwepesi wa wimbi, chumvi kidogo, nikinywa funda dogo dogo nikikimbia. Mwanzoni lilinguruma. Baadaye likazoea.

Jioni tuliingia Kampala. Wenzangu walishukia Nakivubo kwenye nyumba ya wageni. Mimi na Neema tulienda Kansanga kwa Mama Furaha, Mkongomani wa Bukavu, rafiki wa dada yangu, anayeuza bushera kando ya barabara ya Ggaba. Bushera ni kinywaji cha mtama, chachu kidogo, kinashibisha. Yake ni nzito hata mwiko unasita.

Ijumaa asubuhi niliijaribu nikikimbia polepole, baada ya kuichuja na kuitia maji. Tumbo lilitulia. Mama Furaha hakutulia.

"Weye dada, unatia mayi mu bushera yangu? Batu bataniona batasema mugeni wangu anakunywa mayi ya kuosha sufuria!"

"Mama, nikimaliza salama nitainywa nzito, hata ndoo. Kesho nisubiri hapa na chupa, umetia maji nusu kwa nusu. Tafadhali."

"Haya," akasema, akitazama pembeni. Ningepaswa kulitilia shaka lile pembeni.

Jumamosi asubuhi tulianzia Nakivubo. Wafula alikuwa na jagi lake la glukosi. Nilikataa, akatikisa kichwa. Mlima wa Old Kampala ulitutafuna mapaja, kisha tukateremka kuelekea kusini. Kansanga nilimwona Mama Furaha, Neema niliyemwachia yuko mgongoni mwake, chupa juu kama bendera. Nikainyakua, nikavuta funda.

Nzito! Nzito tupu, kama ya mteja wa kila siku!

"Mama Furaha!"

"Mugeni hapewi mayi!" alipiga kelele nyuma yangu. "Kimbia, mama, kimbia!"

Kuitupa, nimalizie na nini? Kuinywa yote, ni Kitale tena. Nilisonya, nikaamua. Mezani kwa watoa maji nilichukua kikombe: funda dogo la bushera, maji mengi juu yake. Meza ya pili, vivyo hivyo. Kilichomshinda mwenyeji kukifanya sufuriani, nilikifanya tumboni mwangu. Tumbo likanguruma mara moja, likakumbuka mafunzo, likanyamaza.

Nilimaliza wa pili katika timu yetu. Nilichepuka? Hata kidogo. Mchana nikaenda Kansanga nikatimiza ahadi, kikombe baada ya kikombe, Mama Furaha akiuhesabu ushindi wangu kuwa wake. "Si nilikwambia? Bushera ya nguvu!" Nilikuwa na la kumjibu, lakini aliyembeba mwanao siku nzima huwezi kumwambia yote.

Jumapili, safari ya kurudi. Jagi la Wafula lilikuwa limebaki nusu, maana wenzangu nao walishaanza kulikwepa. Yeye hapendi kitu kimwagike, basi alilinywa njiani akituita wapumbavu. Tulipopita Iganga alikuwa ameulegeza mshipi wake. Mbele kidogo akamgonga dereva begani.

"Simamisha. Simamisha sasa hivi!"

Upande ule wa barabara kulikuwa na mahindi, mazuri, marefu. Kocha alishuka, akarudi mlangoni akiwa amejikunja, akanyoosha mkono kwangu bila kunitazama usoni.

Nikafungua begi, nikampa roli yake. Ilikuwa bado haijafunguliwa.

"Polepole, mwalimu," nikamwambia. "Tumbo hufundishwa."