Sauti Tatu za Mke Wangu

Mke wangu alikuwa na uvimbe wa shingo tangu nilipomwoa. Huku Ufipa hilo si jambo la kushangaza. Mama yake kule Laela alikuwa nao, shangazi zake pia, na wanawake wengi tunaokaa nao kanisani. Goita, ndivyo wauguzi wanavyouita. Yeye alijifunga kitambaa, akaendelea kuimba na kushona nguo za watu barazani kwetu, hapa Sumbawanga mjini. Mpaka uvimbe ulipoanza kumbana pumzi akilala chali. Ndipo tukaenda hospitali kubwa, nje ya mkoa, tukaambiwa lazima ukatwe.

Daktari alikuwa mama mtu mzima, mpole. Alituchorea shingo kwenye karatasi, na mshipa mwembamba unaopita nyuma ya uvimbe, akasema mshipa ule ndio unaoendesha sauti. Wangejitahidi, ila uvimbe ulikuwa umekaa pabaya. Mke wangu akauliza kama atabaki na sauti ya kuongea. Daktari akasema wengi hubaki nayo. Mke wangu akauliza, na ya kuimba je?

Daktari aliweka kalamu chini. "Kwani wewe ni mwimbaji?"

"Naimba kwaya tu," mke wangu akajibu.

Kwaya tu. Yeye ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo parokiani kwetu tangu akiwa msichana. Mimi nilimjua kwa sauti kabla sijamjua kwa sura, maana nilikuwa napiga kinanda na kinanda chetu wakati ule kilikaa pembeni, mpigaji amewapa waimbaji mgongo. Nilisikia mtu nyuma yangu akishika sauti ya kwanza bila kuivuta wala kuisukuma, nikakosea noti, nikageuka kumtazama. Watu walicheka. Mwaka uliofuata nikapeleka barua kwao.

Tulirudi kwa basi. Lilipofika Laela likasimama, abiria wakashuka kununua mahindi ya kuchemsha, sisi tukabaki kwenye viti. Nilidhani amesinzia. Kumbe alikuwa akifikiria, kwa sababu alisema bila kunitazama:

"Kabla hawajanikata, nirekodi. Uniwekee zote, ya kwanza, ya pili na ya tatu. Nataka nijisikie nikiwa kwaya nzima."

Nilimwambia sawa. Sikuwa najua nitafanyaje.

Mimi ni muuza vipuri vya pikipiki. Nina gitaa, na nina kompyuta mpakato niliyoinunua ikiwa imeshatumika. Nyimbo zangu nilikuwa nazirekodi kwa simu, gitaa na sauti kwa pamoja, nikikosea naanza upya. Kwa hili alilolitaka simu ile isingefaa. Mtu mmoja hawezi kuimba sauti tatu kwa mkupuo. Anaimba ya kwanza, halafu anajisikiliza masikioni huku akiimba ya pili juu yake, kisha ya tatu juu ya hizo mbili, na kila moja inabaki peke yake kwenye mstari wake.

Mjini kuna mwenye studio ninayefahamiana naye. Nilipendekeza twende kwake, mke wangu akakataa. Alisema hawezi kusimama kwenye chumba cha watu akivua kitambaa, na akiwa na kitambaa haimbi vizuri. Basi nikaenda peke yangu kuomba ushauri. Mwenye studio alinionyesha programu anayoitumia yeye, kioo kizima kimejaa vitufe na taa na mawimbi ya rangi. Nilipomweleza sababu ya kutafuta, aliizima.

"Hii sikupi," alisema. "Utakaa miezi unajifunza. Tafuta ndogo, ile utakayoielewa kabla mama hajachoka kukusubiri."

Nilijaribu kwanza programu moja ya simu. Ilikuwa nzuri kwa macho, na nilifurahi mno siku niliyoipata. Nilipiga gitaa dukani kabla wateja hawajaanza kuja, kisha nikaimba juu yake. Niliposikiliza, sauti ilikuwa imechelewa nyuma ya gitaa, kama waumini wa viti vya nyuma wanaoitikia wakati padre ameshasonga mbele. Nilitafuta pa kuirekebisha, sikupapata. Nikaifuta.

Ya pili ilikuwa ya kompyuta, kubwa, ya kujaribu bure kwa muda. Kompyuta yangu ilianza kunguruma kama mashine ya kusaga, mwisho ikaganda. Nilipoiwasha tena gitaa lote nililorekodi halikuwepo. Kwa gitaa langu haikuwa hasara. Nikawaza ingekuwa ni yeye, amesimama pale na shingo yake ile, halafu nimwambie imepotea, rudia. Tangu hapo nilijua ninachotafuta: kitu kisichoganda, kisichohitaji mtandao, kinachohifadhi kila unaposimama, chenye kitufe cha kurekodi ambacho hata yeye angeweza kukibonyeza mimi nikiwa nimeshika gitaa.

Ya tatu ndiyo niliyoichagua. Haikuwa na urembo wowote. Dirisha la kijivu, duara jekundu la kurekodi, na mistari. Kila mstari una kitufe cha kuuzima, kingine cha kuusikiliza peke yake, na kama sauti imechelewa unaukamata mstari mzima kwa kipanya na kuusogeza mpaka ukae sawa. Nilijifunza asubuhi chache tu. Nilipomwonyesha mke wangu, aliuliza maswali mawili: nikikohoa, kikohozi kinafutika, na sauti zangu hazitachanganyikana? Nikamwambia kinafutika, na hazichanganyikani.

Tulirekodia stoo, katikati ya magunia ya mahindi, kwa kuwa magunia yanameza mwangwi. Nilitundika blanketi mlangoni. Jirani ana mashine ya kusaga, kwa hiyo tulingoja mchana inapozimwa watu wakale. Upepo wa huku nao haukutuhurumia, bati lilikuwa likilia katikati ya ubeti, tukawa tunaacha na kurudia. Alivua kitambaa, akakikunja, akakiweka juu ya gunia. Nikamvalisha hedifoni, nikamfungulia masikioni gitaa nililokuwa nimeshalirekodi, akaanza.

Sauti ya kwanza aliitoa bila kukosea. Ya pili ilimchekesha, kwa sababu alikuwa anajisikia mwenyewe masikioni na akawa anataka kumfuata yule wa kwanza. "Huyu mama ananivuta," alisema. Ya tatu ilikuwa ya wanaume, aliishusha chini kabisa, akatunisha kifua na kukunja uso kama mzee mmoja wa kwaya yetu, nikashindwa kujizuia, kicheko changu kikaingia. Tulifanya hivyo wimbo baada ya wimbo kwa majuma kadhaa, kila alipokuwa na pumzi. Kuna siku alichoka katikati, akakaa kwenye gunia na mkono shingoni, akasema tumalizie kesho.

Nyimbo zilipokamilika tulikaa wote wawili kuzisafisha. Kati ya beti kulikuwa na maneno yake: nifungulie mlango kuna joto, umeanza haraka, nani anagonga, ngoja ninywe maji. Aliyasikia, akaona aibu.

"Yatoe hayo yote," aliniambia. "Watu wasije wakanisikia napiga soga katikati ya wimbo wa kanisa."

Nikayatoa, moja baada ya jingine, yeye akinionyesha kwa kidole. Programu ile ilifanya kazi hiyo vizuri sana. Ikabaki safi, uimbaji mtupu.

Alipasuliwa, akapona kidonda. Pumzi ikarudi, analala chali bila shida, na kwa hilo namshukuru Mungu. Sauti haikurudi. Tuliambiwa tungoje, huenda mshipa umeshtuka tu. Tulingoja mpaka mahindi yakavunwa na ulezi ukavunwa. Kilichobaki ni mnong'ono wenye mikwaruzo, unaokatika katikati ya neno. Wateja wakija kupima nguo inabidi wainame kumsikia, na wengine nao wananong'ona wakimjibu, sijui kwa nini.

Kwaya aliacha bila kuaga. Siku hizi anasali misa ya kwanza, ile isiyokuwa na kwaya.

Binti yetu yuko sekondari ya bweni Nkasi. Huwa anaazima simu ya matroni siku wanaporuhusiwa. Kabla ya upasuaji nilimwambia mama anakwenda kutibiwa, na baadaye nikamwambia amepona. Habari ya sauti sikuisema kwa sababu bado tulikuwa tunangoja. Siku moja simu iliita mezani, mimi nilikuwa uani napanga kuni, mke wangu akaipokea. Alikuwa ameweka spika, kwa hiyo nilisikia. Alisema haloo. Upande wa pili binti yetu akasema kwa adabu, kama anavyofundishwa kuongea na watu wazima:

"Shikamoo. Samahani, naomba kuongea na mama."

Mke wangu alifungua mdomo. Nilimwona kupitia dirisha. Halafu akainua simu ile juu, akaielekeza kwangu, na nilipofika aliniwekea mkononi, akapita kwenda chumbani. Nilimweleza mtoto. Alilia mpaka matroni akachukua simu.

Baada ya hapo nilifungua kompyuta nikiwa peke yangu dukani. Nilikuwa natafuta mahali popote anapoongea. Nilizima gitaa, nikazima sauti ya pili na ya tatu, nikasikiliza mstari mmoja mmoja toka mwanzo mpaka mwisho. Anaimba, kimya, anaimba, kimya. Tulikuwa tumesafisha vizuri. Nilichokikosa hasa kilikuwa yeye akiniita kutoka barazani nikamshikie kitambaa kirefu cha kukata. Hicho hakuna aliyekirekodi.

Sikumwambia. Wala nyimbo sikumpigia, kwa kuogopa. Yeye ndiye aliyeziomba, Jumamosi moja mchana, mwaka ukiwa umeshapita tangu upasuaji. Alikuwa ameanika mahindi uani, akaja kukaa karibu yangu na kugusa kompyuta kwa kidole. Nikampigia wimbo wote, zikatoka sauti zake tatu na gitaa langu. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Ulipoisha alisogea sikioni kwangu.

"Ya kwanza izime," alinong'ona. "Ziache hizo nyingine."

Nikauzima mstari wa juu, nikaanzisha upya. Gitaa likaingia, sauti ya pili na ya tatu zikaingia zikiwa zimeacha nafasi pale juu ambapo ya kwanza inakaa. Akanyoosha mgongo. Akavuta pumzi kama alivyokuwa akivuta kanisani, akaanza kuiimba. Kilichotoka ni hewa, na mkwaruzo kidogo kwenye noti za chini. Lakini midomo yake haikukosea neno hata moja. Alipumua mahali pa kupumua na kushika mahali pa kushika, mishipa ya shingo imemsimama kuzunguka kovu. Nilikuwa namtazama usoni na sikuthubutu kutazama pembeni.

Alifika mwisho wa ubeti wa pili. Akanyoosha mkono mwenyewe, akabonyeza kusimamisha. Nilimshika mkono, akaniachia nimshike.

Kisha akaninong'oneza kwamba kuku wa jirani wameingia kwenye mahindi, akainuka kwenda kuwafukuza. Nilimsikia uani akipiga makofi.